Siku Mama Alipompandisha Baba Treni

Baba yangu ni fundi wa milango. Si fundi wa kila kitu cha mbao. Ni milango tu. Ukimpelekea habari za meza au kabati atakuelekeza kwa fundi wa mtaa wa pili, atakwambia yule ndiye bingwa, wala hatakuwa na kinyongo. Milango yote ya nyumbani kwetu aliitengeneza kwa mikono yake, na nadhani aliifanya imara makusudi kwa sababu alijijua. Baba akikasirika hasemi neno. Anainuka, anatoka, na nyuma yake mlango unalia puu, mpaka vikombe vinagongana kabatini. Unaanza mlango wa sebule, unafuata wa jikoni, unamalizia wa karakana kule uani. Ukilia huo wa tatu, Mama hujua mazungumzo yameahirishwa.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu figo zake zigome. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alikwenda hospitali, akalazwa saa nne nzima kando ya mashine iliyomtoa damu, ikaisafisha na kumrudishia. Kwenye mkono wake wa kushoto madaktari walikuwa wameunganisha mishipa miwili ili sindano zipate pa kuingilia, na pale palinguruma usiku na mchana. Ukiweka kiganja ulisikia mtetemo kama wa paka aliyeshiba. Kila asubuhi Mama aliushika mkono ule kabla hata hajafumbua macho vizuri. Nesi alikuwa amemwonya: siku mngurumo ukinyamaza, msingoje chai, njooni.

Halafu kulikuwa na suala la maji. Baba aliruhusiwa nusu lita kwa siku, basi. Mama ni mpishi wa shule, anawapikia watoto mia nne, na vipimo viko mikononi mwake kama vile vidole. Kila alfajiri alimpimia Baba maji yake kwenye chupa moja, na ndani ya chupa hiyo mlikuwa na chai yake, mchuzi wake, hata maji ya kumezea dawa. Matunda mengi pia alikatazwa. Ndizi kwake ilikuwa sawa na sumu.

Daktari alisema mapema kabisa kwamba dawa ya kweli ni kupata figo ya mtu mwingine. Kaka yangu alijitolea kwanza, wakamkuta na kisukari. Nikajitolea mimi. Baba alinitazama, akamtazama mwanangu niliyekuwa nikimnyonyesha, akasema, "Wewe bado unazaa." Mlango wa sebule ukalia. Mama alipofungua kinywa kusema lake, wa jikoni nao ukalia.

Basi Mama akaamua kutomwambia. Alikwenda kupimwa kimyakimya, Baba akidhani amekuja kwangu kunisaidia kumwogesha mtoto. Mimi ndiye niliyemsindikiza kila mara. Ilichukua miezi mitatu, damu leo, mkojo kesho, picha ya tumbo wiki ijayo. Mwisho daktari akatukalisha, akasema damu zao zinapatana, figo za Mama zote mbili ni nzima, na presha yake ni ya msichana.

"Kazi iliyobaki ni moja," daktari akasema. "Mgonjwa mwenyewe akubali. Bila ridhaa yake hatumgusi."

Tulipotoka nje Mama alivuta pumzi. "Afadhali kisu," akasema.

Ukutani mwa kituo cha basi palikuwa pamebandikwa tangazo la treni ya matembezi. Mabehewa ya zamani yaliyokarabatiwa, madirisha mapana, safari ya kutwa kupitia bonde la mto, kila Jumapili. Mama alilisoma. Akalisoma tena, akifuatisha maneno kwa kidole.

"Hii treni inasimama vituo vingapi?"

"Nafikiri kimoja tu, kwenye maporomoko ya maji. Halafu inafika mwisho wa bonde, inageuza."

"Kimoja tu?"

"Kimoja."

"Nikatie tiketi mbili."

"Mama, leo umekumbuka kustarehe?"

"Nani kasema kustarehe? Nataka mahali ambapo baba yako hawezi kutoka akabamiza mlango."

*

Yaliyotokea siku hiyo sikuyaona kwa macho yangu. Nimesimuliwa na wote wawili, mara nyingi, kila mmoja kivyake, na panapogongana nimeamua kumwamini Mama, isipokuwa pale anapojisifu.

Baba aliambiwa kwamba tiketi ni zawadi yangu kwa miaka yao thelathini na mmoja ya ndoa. Alilalamika tangu Ijumaa. "Mtu mnamnyima maji, halafu mnampeleka kutazama mto. Si mngenipeleka kabisa kiwanda cha soda nikasimame pale mlangoni?" Lakini Jumapili asubuhi alikuwa wa kwanza kuvaa. Jumapili ilikuwa siku yake nzuri, kwa kuwa jana yake mashine ilikuwa imemwacha mwepesi. Alivaa koti la kahawia na kofia yake ya kutokea, akamngoja Mama barazani huku akitazama saa.

Walipopanda behewa, hakwenda moja kwa moja kwenye kiti. Alisimama kwenye mlango unaotenganisha behewa na behewa, mlango wa mbao wenye kioo, wa kusukuma pembeni. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Kondakta akaja.

"Mzee, kuna tatizo?"

"Hakuna. Tunasalimiana."

Viti vyao vilitazamana, meza ndogo katikati, dirisha pembeni. Upande wa pili wa njia alikaa bibi mmoja mwenye kofia ya kufuma pamoja na mumewe, ambaye alilala usingizi kabla treni haijaondoka. Bibi huyo alitoa ndizi kwenye kikapu, akamkaribisha Baba. Mama akaruka kama aliyeona nyoka. "Asante sana, hali ndizi," akasema, na bibi akairudisha ndizi yake kikapuni kwa mashaka, kana kwamba ndiyo iliyokosa adabu.

Treni ikapiga honi, ikajikokota. Kwanza ilipita nyuma ya mji, ule upande ambao mji hauutayarishi kwa wageni: kamba za nguo, mapipa, kuta za maghala, mtu anapiga mswaki dirishani akiwa na fulana. Kisha nyumba zikapungua, vilima vikaachana, na mto ukatokea chini kabisa, mpana na wa rangi ya chai ya maziwa. Kila treni ilipozidi kupanda, mto ulizidi kuwa mwembamba na wa kijani. Ulijipindapinda hivi kwamba mara ulikuwa kulia, mara kushoto, na abiria nao wakawa wanahama madirisha kama kuku waliomwagiwa punje. Mwongozaji wa safari, dada mmoja mwenye kipaza sauti, alitaja majina ya milima na kutoa vichekesho ambavyo alikuwa amevikariri vizuri.

Baba alisahau kulalamika. Alikiegemeza kipaji cha uso kwenye kioo.

"Mama watoto, ona mti ule. Umeota ndani ya mwamba. Hauna hata kiganja cha udongo."

"Nimeuona."

"Mbao ya mti kama ule huwezi kuipata popote. Imeshupaa kwa shida." Akacheka peke yake. "Na yule ndege, yule mweupe. Anavua samaki kama mtu anayengoja basi."

Mama hakumtazama ndege. Alimtazama Baba. Rangi ile ya majivu iliyomkaa usoni kwa miaka mitatu ilikuwa imeondoka kidogo, na macho yake yalikuwa yakikimbia huku na huko.

"Nilitaka kuliacha," Mama aliniambia. "Alikuwa ametulia mno. Nikasema, ngoja daraja hili lipite kwanza. Likapita. Nikasema, ngoja kale kakijiji kapite. Kakapita. Nikaona bonde zima litakwisha nami nimekaa kama mtu aliyefungia yai mdomoni."

Akapiga moyo konde. "Fundi," akasema. Kila mtu humwita Baba Fundi, hata mkewe. "Nimepimwa."

"Umepimwa nini?"

"Figo. Zinakufaa. Daktari amesema naweza kukupa moja."

Baba aliacha kutazama nje. Akamtazama Mama usoni, kisha mikono, kisha meza. Akainuka. Alitembea katikati ya behewa akishikilia migongo ya viti, kwa kuwa treni ilikuwa ikiyumba, mpaka akaufikia ule mlango aliosalimiana nao. Akatoka, akageuka, akaukamata mpini na kuuvuta kwa nguvu zake zote.

Mlango ulikuwa umetiwa mpira mpya na springi. Ulisogea polepole, ukapumua fyuuu, ukajifunga kwa upole kama jicho la mtu anayesinzia. Abiria hakuna aliyegeuka. Baba alibaki nyuma ya kioo akiutazama kwa chuki.

"Amekwenda chooni?" bibi wa kofia ya kufuma aliuliza.

"Amekwenda kununa."

"Aa." Bibi akamtazama mumewe. "Huyu wangu hununa akiwa amelala hivihivi. Huwezi kujua ni lini anaanza."

Baba alivuka mabehewa mawili mpaka kwenye behewa la mwisho, ambalo halikuwa na kuta wala madirisha, ila vyuma vya kuegemea na mabenchi. Alikaa huko upepo ukimpiga. Na hapo ndipo treni ilipoingia kwenye handaki. Giza likafunga, watoto wakapiga kelele za furaha, magurudumu yakanguruma kwenye kuta zote mbili. Mama alikuwa peke yake mezani. Alinyoosha mkono akagusa kiti cha Baba, kilikuwa bado na joto.

"Ndipo nilipoogopa," alisema. "Si kwamba atakataa. Kukataa kwake nimekuzoea. Niliogopa kwamba nimemharibia siku moja nzuri aliyoipata tangu augue."

*

Kwenye maporomoko treni ilisimama kwa dakika arobaini. Kulikuwa na ngazi za mawe zilizoshuka kutoka kwenye reli, vyuma vya kushikilia pembeni, na chini kabisa jukwaa la mbao mbele ya maji yenyewe. Mama aliiona kofia ya Baba ikiwa mbali mbele, ikishuka katikati ya vichwa vya watu. Aliifuata. Ana magoti mabaya, kazi ya kusimama jikoni miaka ishirini, kwa hiyo alishuka ngazi moja moja, miguu yote miwili kwanza ndipo aende nyingine.

Alipofika, Baba alikuwa amesimama mbele kabisa. Maji yalianguka kutoka juu kama mtu anayemwaga magunia ya chumvi, na vumbi la maji lilimjaa Baba kwenye nyusi na ndevu. Alikuwa amefumba macho. Mama akasimama ubavuni pake. Kelele ya maji ilikuwa kubwa sana.

Baba alisema kitu.

"Nini?"

Akasema tena.

"Sisikii!"

"SITAKI FIGO YAKO!"

Watu wote wa jukwaani wakageuka. Bwana mmoja aliyekuwa akimpiga picha mkewe alishusha simu. Lakini Mama amezoea kunyamazisha watoto mia nne kwa neno moja.

"NI YANGU! NITAMPA NIMTAKAYE!"

"MPE MTU MWINGINE!"

"MWINGINE NANI? KWANI NIMEOLEWA NA WANGAPI?"

Mtu akacheka. Bibi wa kofia ya kufuma, aliyekuwa amemwacha mumewe behewani, akapiga makofi. Baba aliona aibu, akajaribu kupunguza sauti, lakini maji hayakumruhusu.

"Nyamaza basi, watu wanasikia!"

"Wasikie! Wahenga walisema kutoa ni moyo!"

"Walisema moyo! Hawakusema figo!"

Hapo hata dada wa kipaza sauti alishindwa kujizuia. Baba mwenyewe kicheko kilimpanda mpaka kooni, Mama alikiona, lakini alikimeza. Akageuka, akaanza kupanda ngazi mgongo umenyooka kama ubao.

Alipofika ngazi ya kumi hivi alisikia kiatu kikiteleza nyuma yake. Mama alikuwa ameng'ang'ania chuma, mguu mmoja hewani. Baba alishuka. Hakusema pole, hakumtazama. Alimpa mkono tu, kama unavyompa mgeni kiti, na Mama akaupokea. Wakazipanda ngazi zote zilizobaki wameshikana mikono na wamenuniana.

*

Mwisho wa bonde kichwa cha treni kilifunguliwa, kikapitishwa reli ya pembeni, kikafungwa upande wa pili. Baba angeweza kwenda kukaa behewa la nyuma tena. Hakwenda. Alirudi kwenye kiti chake, akavua kofia, akaipangusa maji kwa kiwiko. Mabehewa yakaanza kurudi yalikotoka. Hata mwongozaji alikuwa amechoka, akawawekea abiria muziki wa taratibu.

Mhudumu alipita akisukuma kitoroli chenye chai, juisi na maji. Mama akatikisa kichwa kama kawaida yake.

"Una kiu," Baba akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu kule jukwaani.

"Sina."

"Umepanda mawe yote yale na jua lile. Una kiu."

"Nitakunywa nyumbani."

"Jikoni," Baba akasema. "Umesimama. Nyuma ya mlango."

Kwa miaka mitatu Mama hakuwa amekunywa maji mbele ya Baba hata mara moja. Mezani alikula bila maji. Akishikwa na kiu aliingia jikoni, akafunga mlango, akanywa akiwa amesimama kando ya sinki, kwa mafunda madogomadogo, na kikombe akakisuuza na kukikausha kabla hajatoka. Hata mimi sikuwa nikijua. Aliamini kwamba hakuna ajuaye.

"Nakusikia ukimeza," Baba akasema. "Mlango ule niliuachia nafasi kidogo chini, upitishe hewa. Sauti nayo inapita."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Kila jioni saa kumi na mbili naenda karakana nawasha mashine ya msasa. Ulifikiri saa ile nasugua nini? Kazi nimeshamaliza saa kumi. Nawasha tu mashine, ili unywe bila kuogopa."

Mama anasema hakulia. Baba anasema alilia mpaka akatumia kitambaa cha meza. Hapa namwamini Baba.

Walikaa hivyo kilomita nyingi. Mto ulikuwa sasa upande wao, jua limeinama, na maji yakawaka vipandevipande katikati ya majani. Kisha Baba akaanza kusema, akitazama nje, kama anayezungumza na kioo.

"Tutalala vitandani wote wawili, mimi chumba hiki na wewe kile. Mimi niamke, wewe usiamke. Nitaishi na kitu chako tumboni, nimwambie nani asante?"

"Nitaamka."

"Hujui."

"Sijui. Na wewe kila Jumanne ukiondoka nyumbani, najua?"

Baba akasema, "Mimi nimezoea kutengeneza. Mtu akinipa kitu, moyoni najua nitamtengenezea mlango, tumemalizana. Wewe nitakupa nini? Milango yote unayo."

Hapo Mama alikasirika, na anasema kwamba hasira ile ndiyo iliyomsaidia.

"Nani kakwambia nakupa wewe? Nisikilize, Fundi. Nimechoka. Nina mume Jumatatu, nina mume Jumatano. Jumanne sina, Alhamisi sina, Jumamosi narudishiwa wewe kama nguo iliyokamuliwa. Namtaka mume wangu wa siku zote saba. Nataka kulala kwa binti yangu siku mbili bila kuweka mkono wangu kwenye simu usiku kucha. Nataka kunywa maji mezani kwangu, nikiwa nimekaa, nikitaka nimwage mengine sakafuni. Figo hii najipa mwenyewe. Wewe utanitunzia tu."

Bibi wa kofia ya kufuma alikuwa anajifanya anatafuta kitu kikapuni.

Mhudumu aliporudi na kitoroli, Baba akamnyooshea kidole.

"Binti, nipe maji. Chupa kubwa. Na glasi moja."

Mama alishtuka, akadhani amekata tamaa na sasa anataka kujimaliza. Alinyoosha mkono kumzuia. Lakini Baba aliifungua chupa, akaimimina mpaka glasi ikajaa pomoni, juu kabisa, maji yakitetemeka kwa mwendo wa treni. Akaisukuma taratibu kuvuka meza.

"Kunywa."

"Fundi..."

"Kunywa nikuone."

Funda la kwanza lilimkwama. Anasema koo lilikuwa limesahau kazi yake. La pili likashuka, na la tatu, kisha akafumba macho akainywa yote, maji mengine yakimtiririka kidevuni mpaka kwenye kola ya gauni. Alipoiweka glasi chini alikuwa anahema. Baba alikuwa amemkazia macho kama alivyokuwa akiutazama mto asubuhi.

"Nyingine?"

"Nyingine," Mama akasema, na akanywa.

Nimemuuliza Baba mara moja kama alisikia wivu, ama kiu. Alifikiri. "Kiu nilikuwa nayo," alisema. "Lakini ilikuwa kama nimemlipia mtu nauli naye amefika."

Treni ikaingia handaki. Katika giza Mama alinyoosha mkono juu ya meza, akaupata mkono wa kushoto wa Baba, akaweka kiganja pale panaponguruma. Paliendelea kunguruma. Baba akaufunika mkono wa Mama kwa mkono wake mwingine, ule mgumu wenye makovu ya patasi.

"Upande gani?" sauti yake ikauliza gizani.

"Upande gani nini?"

"Watakakoitoa."

"Kushoto."

Akafikiri. "Kushoto ndiko unakolalia."

"Nitalala chali."

"Ukilala chali unakoroma."

"Utavumilia."

Mwanga ukarudi, wakaachana mikono haraka, kama vijana waliofumaniwa.

*

Niliwapokea stesheni jioni, nikiwa na mtoto mgongoni. Nilikuwa sijatulia tangu asubuhi. Walishuka Mama akiwa mbele, gauni limekauka na kukunjamana, Baba nyuma amebeba mkoba wa Mama. Sikuweza kusoma chochote kwenye nyuso zao. Baba alimtoa mjukuu wake mgongoni mwangu, akamtazama, akampangusa kamasi.

"Treni nzuri," akasema. "Ila mlango wao haufai kwa mtu mwenye hasira." Tulipokuwa tunavuka barabara, bila kugeuka, akaongeza, "Jumanne uje hospitali. Nataka daktari anieleze mbele yako."

Walipasuliwa miezi miwili baadaye, asubuhi moja yenye mvua. Mama alitolewa kwanza, akaamka akitapika na kuuliza saa. Baba walimweka chumba cha peke yake, nikamwona kwa kioo tu. Mimi nilikuwa koridoni katikati yao, sijui nikae mlango upi. Daktari alikuwa ameniambia kwamba mwili wa Baba ulikuwa umeacha kutoa mkojo kwa zaidi ya mwaka, na kwamba sasa wote wanatazama mfuko ulioning'inia kando ya kitanda. Mfuko ndio utakaosema kama figo imepokelewa.

Jioni yake nesi alitoka, barakoa usoni, macho yakicheka.

"Mzee anakojoa!" akasema kwa sauti, na watu nisiowajua waliokuwa kwenye benchi, kila mmoja na mgonjwa wake, wakasema hongera.

Nilikimbia kwa Mama. Alikuwa ameegemezwa mito, midomo imekauka. Nilipomwambia, alianza kucheka, akashika ubavu wa kushoto, akalia kwa maumivu, akacheka tena.

"Usinichekeshe, nyuzi zitakatika. Ni mwingi?"

"Mfuko umejaa. Wamebadilisha."

Akafumba macho. Machozi yalimshuka hadi masikioni, hakuyafuta.

"Mwambie asijisifu," akasema. "Anayefanya kazi hapo ni mimi."

Nilirudi mbio kumfikishia salamu hizo, lakini nilimkuta Baba amelala, kinywa wazi, na nesi akaniomba nisimwamshe.